Iowa, Jimbo Lililomwangukia Mwanangu



Wazazi wenye watoto katika skuli za Marekani wataijua ada hii. Mtoto afikapo darasa la nne au la tano hupewa jimbo moja katika majimbo 50 ya nchi, akatakiwa aandike habari zake: bendera, ndege, ua, mti, jiwe, historia na watu wake. Kisha husimama mbele ya wenziwe akayaeleza. Mwalimu wa mwanangu aliandika majina ya majimbo katika vipande vya karatasi, akavitia ndani ya kofia, na kila mtoto akachopoa chake. Mwanangu alikuwa akiomba California. Mimi nilitamani apate Massachusetts, maana huko ndiko yalikotoka majora ya merikani waliyoyavaa babu zetu, na juu ya biashara ya Salem na Unguja ningelikuwa na la kumwambia. Alirudi nyumbani na Iowa, machozi yakimlengalenga.

"Baba, Iowa hakuna kitu. Mahindi tu na nguruwe."

Sikuwa na jibu. Tunakaa Chicago, na Iowa ni jirani yetu wa upande wa magharibi. Kinachotutenga ni mto. Hata hivyo katika miaka yote ya kukaa kwetu sikuwahi kuuvuka mto huo ila mara moja, usiku, ndani ya basi, nikiwa nimelala. Na hilo la nguruwe ni kweli tupu: jimbo lina watu milioni 3 na ushei, na nguruwe zaidi ya milioni 20. Lakini haikunipendeza mtoto kusimama mbele ya wenziwe akasema habari za mahali kwa unyonge, kama anavyosema, wakati mwingine, habari za kwao. Mwezi wa Oktoba skuli zilipofungwa siku ya Jumatatu, tukaamua kwenda tukaione wenyewe. Mama yake alitufungia kababu, mikate ya maji na chupa mbili za chai ya tangawizi, tukatoka Jumamosi baada ya Alfajiri.

Njia namba 20 hukwenda magharibi hadi mji wa Galena, kisha hushuka vilima na kufika darajani, na ng'ambo ya pili ndio Dubuque. Tulisimama kuutazama Mississippi. Mto huu ndio mpaka wote wa mashariki wa Iowa, na mpaka wa magharibi ni Missouri pamoja na Big Sioux, hata jimbo zima limekaa kama lililobebwa baina ya mikono miwili. Mwanangu alikuwa na daftari lake, na juu ya boneti ya gari akaandika sentensi yake ya kwanza, kwamba Iowa imezungukwa na maji lakini si kisiwa. Niliiacha ilivyo.

Nchi hii ilikuwa ya makabila ya Wahindi Wekundu, kama tulivyozoea kuwaita, ijapokuwa wenyewe hupenda waitwe kwa majina yao: Waioway, Wasauk, Wameskwaki, Wadakota. Wafaransa walijidai kuwa ni yao, wakaiuza kwa Marekani mwaka 1803 pamoja na eneo kubwa la Louisiana. Baada ya vita vya mwaka 1832, vilivyoitwa kwa jina la mkuu wao Black Hawk, Wasauk na Wameskwaki walilazimishwa kutoa ukanda wa kando ya mto, na walowezi wakaruhusiwa kuingia mwaka 1833. Tarehe 28 Desemba 1846 Iowa ikawa jimbo la 29. Makao makuu yalikuwa Iowa City, kisha yakahamishiwa Des Moines mwaka 1857, ambako leo lipo jengo la baraza lenye kuba la dhahabu. Waioway, waliolipa jimbo jina lao, walihamishwa katika miaka ya 1830, na leo ardhi zao ziko Kansas, Nebraska na Oklahoma. Jina limebaki, wenye jina wako kwingine.

Bendera ilibuniwa na bibi mmoja wa mji wa Knoxville katika jimbo hilo, Dixie Cornell Gebhardt, na baraza likaipitisha mwaka 1921. Ina mistari mitatu ya kusimama, buluu, nyeupe na nyekundu, kukumbusha enzi ya Wafaransa. Katika ule weupe tai anaruka, na mdomoni ameshika utepe wenye maneno ya jimbo, ambayo kwa lugha yetu ni kama kusema: uhuru wetu twauenzi, na haki zetu tutazidumisha. Mwanangu aliyahifadhi maneno haya kwa Kiingereza na Kiswahili, akawa anayarejea ndani ya gari mpaka nikamsihi apumzike.

Alama nyingine tulikwenda kuzitafuta kwa macho, na hapo ndipo yalipoanza mambo ya kuchekesha. Ndege wa jimbo, aliyechaguliwa mwaka 1933, ni mdogo wa jamii ya chiriku, wa rangi ya manjano kali na mbawa nyeusi. Tulimtafuta kila mtini, hatukumwona. Na kumbe dume lake hubadilisha manyoya kila kipupwe kinapokaribia, akawa wa rangi ya majani yaliyokauka, hata huenda alikuwa mbele yetu tusimjue. Ua la jimbo tangu mwaka 1897 ni waridi la mwituni, nalo huchanua Juni. Maonyesho makubwa ya kilimo ya Des Moines, ambayo hukusanya watu wapatao milioni moja, na ambako tangu mwaka 1911 huchongwa ng'ombe mzima kwa siagi, hufanywa Agosti. Mwaloni peke yake, mti wa jimbo tangu 1961, ndio uliotutimizia ahadi. Na jiwe lao tulilipata dukani: ni dongo la mviringo, baya kwa nje, ambalo likipasuliwa huonekana lina uwazi ndani uliojaa fuwele zenye kung'aa. Hupatikana sana kusini-mashariki mwa jimbo. Tulinunua moja lisilopasuliwa, kwa kuwa lilikuwa rahisi.

Mahindi tuliyaona bila ya kuyatafuta. Ulikuwa ni wakati wa mavuno, na mashine kubwa kama nyumba zilikuwa zikipita mashambani na kuacha vumbi nyuma yake. Iowa ndiyo ya kwanza kwa mahindi katika Marekani yote. Lakini msifikirie mahindi ya kuchoma kando ya barabara! Mengi ya haya hayaliwi na watu. Huenda kwa nguruwe, ng'ombe na kuku, na sehemu kubwa hugeuzwa ethanoli ya kuchanganywa na petroli. Kabla ya walowezi, kiasi cha robo tatu ya jimbo au zaidi ilikuwa mbuga ya majani marefu, mengine yakimzidi mtu kimo, yenye mizizi iliyozama chini mno. Mizizi hiyo, kwa kufa na kuota kwa maelfu ya miaka, ndiyo iliyoufanya udongo wake uwe mweusi kama masizi. Plau za chuma zikaimaliza mbuga katika umri wa mtu mmoja. Leo haikubaki hata sehemu moja katika elfu, na mabaki mengine yako kando ya reli na ndani ya makaburi ya zamani, mahali ambapo hapana aliyethubutu kulima.

Kutoka Dubuque tulikata kaskazini-magharibi, tukafika mji mdogo ulioko bondeni, wenye watu elfu moja na mia chache. Unaitwa Elkader. Nilikuwa nimeliona jina ramanini nikapita, kwa kudhani ni la Kijerumani. Si la Kijerumani. Ni Abdulkadir.

Mwaka 1846 watu watatu, Timothy Davis, John Thompson na Chester Sage, walipima mji kando ya mto Turkey, na wakautia jina la Amir Abdulkadir wa Algeria, ambaye wakati huo huo alikuwa nyikani akipigana na Wafaransa waliovamia nchi yake. Habari zake zilikuwa zimesomwa hadi huku. Davis, mwanasheria, aliona kuwa mtu anayepigania nchi yake dhidi ya dola kubwa anafaa kupewa heshima hiyo, ijapokuwa ni Mwislamu na yuko ng'ambo ya bahari. Amir alisalimu amri mwishoni mwa mwaka 1847, akafungwa Ufaransa hadi 1852, na hatimaye akahamia Damascus. Huko, mwaka 1860, fitina ilipozuka na Wakristo wakauawa, yeye na watu wake waliwakinga maelfu kwa maelfu, wengine ndani ya nyumba yake mwenyewe. Rais Abraham Lincoln alimpelekea bastola kuwa ni tunzo. Alifariki mwaka 1883. Ukoo wake ulikuwa wa tarika ya Qadiriya, hii hii tunayoijua kwetu kwa zikri zake, na jina lake ni la Sheikh Abdulkadir Jilani.

Mama mmoja muuza duka, mzungu mtu mzima, alipomwona binti yangu na mtandio wake, alitueleza kisa hiki chote bila ya kuulizwa, kwa ile fahari ya mtu anayesimulia habari za babu yake. Akatwambia kwamba tangu mwaka 1984 mji wao una udugu na Mascara, mji wa huko alikotoka Amir. Kisha akatuuliza sisi tumetoka wapi. Niliposema Zanzibar akafikiri kidogo, akauliza kama ni karibu na Algeria. Nikasema ni mbali, lakini si sana.

Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, katika bustani ya kando ya mto, karibu na daraja la mawe la mwaka 1889 lenye matao mawili. Wapita njia walitutazama. Hapana aliyesema kitu.

Usiku tulifikia Cedar Rapids kwa jamaa mmoja, mtu wa Kasongo katika Kongo. Tangu miaka ya karibuni Iowa imepokea Wakongomani na Warundi wengi, na katika ofisi na hospitali za Cedar Rapids, Iowa City na Des Moines Kiswahili sasa kina wakalimani wake. Si jambo geni kwa jimbo hili. Mwaka 1975 Gavana Robert Ray alikubali kuwapokea Tai Dam, watu waliokimbia vita vya Indochina, ili wasitawanywe bali wakae pamoja, na jimbo likaanzisha idara yake yenyewe ya wakimbizi. Watoto wa mwenyeji wetu na wangu walicheka mpaka usiku wa manane, kila upande ukiona kuwa Kiswahili cha wenziwe ndicho kilichopinda. Wazee tulisuluhisha kwa kusema kuwa vyote vimepinda, isipokuwa chetu.

Asubuhi ya Jumapili tukaenda kuuona msikiti ambao kwa hakika ndio ulionifanya nichukue kalamu.

Uko katika mtaa wa nyumba za kawaida. Ni jengo dogo la mbao, jeupe, na mtu angelidhani ni skuli ya zamani ya shamba, ila juu ya mlango kuna kuba dogo la kijani na mwezi mwandamo. Ulifunguliwa tarehe 15 Februari 1934. Kabla yake ulikuwepo mmoja Ross, North Dakota, wa mwaka 1929, lakini huo ulibomolewa mwaka 1979. Kwa hivyo huu wa Cedar Rapids ndio mkongwe kuliko yote iliyosimama katika Marekani kwa iliyojengwa tangu msingi iwe misikiti. Wenyewe huuita Mama wa Misikiti. Waliojenga walikuwa watu wa Sham, yaani Syria na Lebanon ya leo. Walianza kuja mwishoni mwa karne ya 19, wakawa wachuuzi wa kutembeza bidhaa shamba kwa shamba: sindano, uzi, vitambaa, wamejitwika mgongoni katika baridi msiyohitaji kuelezwa. Wengi walikuja kutafuta mtaji wa miaka michache, kisha warejee. Baadaye wakawa na vijiduka. Katika miaka ya 1920 walifanya jumuiya wakaiita Waridi la Udugu, wakakodi mahali pa kusalia. Mwanangu alifurahi mno kwa jina hilo, maana waridi lake la jimbo lilikuwa limepatikana, ijapokuwa si la mwituni. Walianza kujenga wakati uchumi wa nchi nzima unaanguka. Wanawake wakapika na kuuza, na fedha zikaja kidogo kidogo.

Sasa lifuatalo ndilo lililonitia simanzi, kisha likanifariji. Mwaka 1971 jamii ilikuwa imekua, wakajenga kituo kikubwa zaidi, na jengo hili la zamani wakaliuza. Likapita mikono mingi, kwa muda likawa kanisa, mwisho likachakaa. Kizazi kilichozaliwa humo kiliendesha magari mbele yake kila siku na kuona madirisha yanavunjika. Hapo mwanzoni mwa miaka ya 1990 Waislamu wa Iowa wakalinunua tena, wakalitengeneza, na mwaka 1996 likaandikwa katika daftari la taifa la majengo ya historia. Mwezi wa Juni 2008 mto Cedar ulifurika, maji yakajaa chumba cha chini na kuharibu vitabu na nyaraka za wazee. Wakasafisha, wakaanza upya. Katika dhoruba ya tarehe 10 Agosti 2020, iliyoangusha zaidi ya nusu ya miti ya mji huo, msikiti ulibaki umesimama.

Katika mji huo huo mkutano wa mwaka 1952 uliwakusanya Waislamu wa Marekani na Kanada, na ukazaa shirikisho lao la mwanzo. Nyuma yake alikuwepo Abdullah Igram, kijana wa Cedar Rapids aliyepigana Vita Vikuu vya Pili. Askari wa wakati huo alivaa shingoni kibati chenye herufi ya dini yake, Mprotestanti, Mkatoliki au Myahudi, na Mwislamu hakuwa na herufi. Igram alimwandikia Rais Eisenhower mwaka 1953 kudai hilo. Angelikufa vitani, nani angelijua azikwe vipi?

Na makaburi wanayo, mbali kidogo na msikiti, yaliyoanzishwa mwaka 1948 kwa ardhi aliyoitoa mmoja wao. Tulikwenda. Safu zote zimeelekea Kibla, kaskazini-mashariki, wakati shamba la jirani limelimwa kufuata barabara, hata makaburi yanaonekana yamekaa pogo, au tuseme shamba ndilo lililokaa pogo. Mwanangu alisoma majina, mengine Kiarabu kitupu, mengine jina la kwanza la Kizungu na la mwisho la Sham. Akaniuliza watu hawa walikuja kukaa muda gani. Nikamwambia wengi walikusudia miaka mitano. Hakusema kitu, akaandika.

Wasomaji wa jarida hili wanajua sisi tufanyavyo anapofariki mwenzetu. Hupitishwa bakuli, simu zikapigwa kila mji, na nauli ya maiti kurejea nyumbani ikachangwa kwa siku nne au tano, na marehemu yuko katika barafu. Sisemi kuwa ni kosa, kwani mama mzazi aliyeko Pemba ana haki yake. Lakini mazungumzo ya kununua kipande cha ardhi yameanza kwetu mara tatu, na mara tatu yamevunjika kwa hoja moja, kwamba sisi hapa si wakaazi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo. Niliposimama pale sikuwa na hamu ya kusema tena.

Jumatatu, siku ambayo wengine huiita ya Columbus na wengine ya wenyeji wa asili, tuliendelea magharibi hadi wilaya ya Tama, kwa Wameskwaki. Serikali iliwapeleka Kansas katika miaka ya 1840. Baadhi yao walibaki kwa kujificha, wengine wakarudi kwa miguu. Mwaka 1856 baraza la Iowa liliwaruhusu wakae, na mwaka 1857 wakafanya jambo la ajabu kwa watu walionyang'anywa: walinunua. Walichanga fedha wakapata ekari 80 za nchi iliyokuwa yao, na hati ikawekwa kwa gavana kuwa amana. Ndiyo maana wao hukataa mahali pao paitwe hifadhi ya serikali. Leo ni zaidi ya ekari 8,000. Wana skuli yao. Na wana nyumba ya kamari, ambayo tuliipita bila ya kuisimamia. Watoto wa wazee wao waliadhibiwa katika skuli za serikali kwa kusema lugha ya nyumbani. Kisha, katika vita vya Tunisia, vijana wanane wa Kimeskwaki wakatumiwa na jeshi kupeleka habari kwa lugha hiyo hiyo, kwa sababu adui hangeweza kuifahamu. Hapo nilimtazama mwanangu, ambaye akiitwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Akaniambia, "Naam, baba, nimefahamu," kwa Kiswahili, kwa kejeli.

Alisema mbele ya darasa kwa dakika saba. Alitaja pia Alexander Clark, mtu mweusi wa Muscatine ambaye binti yake Susan alikataliwa skuli ya mtaani, akashitaki, na mwaka 1868 Mahakama Kuu ya Iowa ikaamua kuwa skuli ni za watoto wote, miaka 86 kabla ya hukumu kama hiyo kutolewa kwa nchi nzima. Watoto wenziwe waliuliza maswali mengi, karibu yote juu ya ng'ombe wa siagi. Jiwe alilipasua kwa nyundo mbele yao, kwa ruhusa ya mwalimu. Ndani fuwele zilikuwamo, chache.

Kwa wenye kutaka kwenda: kutoka Chicago hadi Dubuque ni kiasi cha maili 180, na Elkader ni saa moja na kidogo mbele yake. Msikiti wa Cedar Rapids hufunguliwa wageni, lakini ni vyema kupiga simu kabla. Chukueni chakula chenu, kwani katika mikahawa ya njiani hata maharage hupikwa na nguruwe, tuliuliza. Mwenye kutaka kumwona yule ndege kwa rangi yake na waridi lililochanua, aende Juni. Na wale watakaopenda kuzungumza tena juu ya lile shauri la ardhi, tutakutana baada ya darsa ya Jumamosi, mahali petu pa kawaida, Inshaallah.

Wassalaam.